Sungura Aliona Nini Mlangoni

Sogeeni, wanangu, kaeni hapo mkekani ambapo naweza kuwaona. Nurdin, zima hiyo simu. Salma, acha kunipepea. Sikupungukiwa na upepo, nimepungukiwa na watu wa kunisikiliza. Haya ninayasema mara moja, na atakayenikatiza ajihesabu ametoka.

Jumapili mlikuja na dalali, mkadhani nimelala. Ni kweli maiti haulizwi sanda, lakini mie sikuwa maiti, nilikuwa nimefumba macho tu kwa kuwa mwanga wa dirishani unaniumiza, na nikaisikia futi ikivutwa ukutani kwa nje, nikamsikia yule kijana akisema, "Hapa braza zinakaa fremu nne za maduka, uhakika, barabara hiyo hapo." Nikakusikia na wewe, Nurdin, niliyekunyonyesha mpaka ukajua kutembea, ukimjibu, "Vuta subira kidogo, bi mkubwa mwenyewe yupo yupo tu." Na Salma ukacheka. Kicheko chako nakijua tangu hujaota meno.

Chumba mlichokuwa mnakipima, baba yenu Khalfani alikijenga kwa mikono aliyokuja nayo kutoka Newala. Wazungu walitaka awachongee vinyago vya mashetani, akawachongea, tukala; lakini vipande vya mpingo vilivyobaki alinichongea mie simba, fisi, kobe na sungura, kwa sababu alikwishanisikia nikilalamika kwamba watoto wa Boko wanasoma kama kasuku. Katika chumba kile niliwasomesha watoto wa mtaa, na mtoto hakuruhusiwa kuniambia hadithi inatufundisha nini mpaka amshike mnyama mkononi, anieleze mnyama huyo, pale tulipofika, ameona nini, anajua nini, na kitu gani bado hakijui. Wazazi walinijia juu: "Bibi Mauwa, mtihani unauliza funzo, wewe unauliza macho ya fisi!" Niliwaacha waseme. Mtoto anayekimbilia funzo hajasoma, amebahatisha, na mwenye kubahatisha akipatia leo, kesho anaanguka mbele za watu.

Wewe Nurdin ulikuwa mkimbiaji wao mkuu. Siku ile tulisoma habari za simba mzee aliyeshindwa kuwinda, akajilaza pangoni na kutangaza kwamba anaumwa, na wanyama wakawa wanakuja mmoja mmoja kumjulia hali, mpaka akaja sungura, akasimama mlangoni, akatoa salamu, akakataa kuingia. Kabla sijampa mtu yeyote sungura, ukaruka juu: "Inatufundisha kutembelea wagonjwa!" Darasa likaanguka kicheko. Ndipo Khulud, binti wa Mzee Muhdhar mwenye duka la kona, mdogo kuliko wote mkekani, akamchukua sungura, akamwinamisha mpaka pua ikagusa sakafu, akasema, "Nyayo zote zinaingia, Bibi. Hakuna iliyotoka."

Hujamsamehe mpaka leo. Nimeitazama chuki hiyo ikikua, na dada yako akiimwagilia. Khulud alipoanza kuja kunisaidia darasa baada ya miguu yangu kunisaliti, nani alisema ukumbini, mbele ya wageni, "Huyu Mwarabu wa kupima sukari anatafuta nini kwetu?" Ulikuwa wewe, Salma, na mikono yako ilikuwa imejaa pilau aliyoipika yeye. Sikukujibu siku ile. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huu.

Siwalaumu kwa kutaka fremu. Kuanzia Tegeta mpaka Bunju kila ukuta umetobolewa mlango wa duka, maisha yamewabana, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ninalowachukia, ndiyo, nimesema ninalowachukia, ni kwamba mnafika kwenye jambo na jibu tayari mdomoni.

Nurdin, kwa nini mlipima kwa nje? Kwa sababu ufunguo wako haukuingia. Nilikusikia ukiuhangaisha, halafu ukamwambia dalali wako, "Kutu hii." Kutu! Kufuli jipya, linang'aa kama jino la dhahabu, na mwanangu akaona kutu. Mlikuwa watu watatu mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kufuli limebadilishwa na nani, na kwa nini. Ulikuja tena kumtembelea mgonjwa, baba, na tena hukutazama chini.

Basi jueni. Kabla ya Ramadhani, nikiwa bado najitembeza kwa mkongojo, nilimwita imamu na mjumbe wa mtaa, na mbele yao nikakitoa kile chumba wakfu kwa watoto kusomea. Hakiuzwi, hakirithiwi, hakipangishwi. Msimamizi ni Khulud, na ufunguo wa kufuli jipya anao yeye. Nyumba hii na kiwanja cha Madale mtagawana kwa mafungu ya sheria, sikuwapunja hata tofali. Atakayekwenda kukipinga chumba, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nipe maji, Salma. Taratibu... inatosha.

Nikishazikwa, msimalize matanga kwa kugombana. Mkishasoma khitma, kabla hamjagusa sufuria wala kitanda, mtakwenda chumbani nyote wawili, mtavua viatu, mtakaa mkekani pamoja na watoto, magoti yenu yawaume. Khulud atasoma hadithi ya simba mgonjwa. Salma, wewe utashika simba, useme alijua nini alipokuwa amefumba macho. Nurdin utashika sungura. Watoto watacheka. Waache wacheke, wewe mtazame sungura.

Hasira yangu inaishia hapa, sitaki kwenda nayo. Mungu awape riziki isiyomliza mtu. Awape watoto wenye kuwauliza maswali, na... na subira ya kuwajibu. Maziwa yangu nimewahalalishia.

Nigeuzeni ubavu huu, nielekee kibla. Nurdin, nipe mkono. Si huo wenye simu.

Niambie, baba... sungura aliona nini mlangoni? Sikuulizi funzo. Nimekuuliza aliona nini.

Hapana. Usijibu bado.