Kipa Amekwenda Kukaa na Mashabiki

Benchi la Rimoti limekaa mlangoni pa chumba chake cha gemu, na asubuhi ile lilibeba watu watatu, birika la kahawa lililokalia kitu king'aavu, na wasiwasi wa kutosha mtaa mzima. Rimoti aliacha udereva akafungua chumba hicho ili watu wazima waje kuchapana mpira kwenye runinga. Alasiri ni fainali ya kombe la mtaa, humo humo chumbani, na gemu jipya linakorofisha kila kipindi cha pili. Juzi wateja walitoka wakisonya. Leo wakitoka, watahamia kwa jirani mwenye feni, basi tena. Rimoti alikuwa anaogopa, na hakuficha.

— Kiraka cha kurekebisha gemu kimefika wapi kushuka? akauliza Waya, fundi redio anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

— Asilimia tisini na tisa. Tangu alfajiri iko hapo hapo.

— Si wenye gemu walileta kingine juzi?

— Walileta. Kabla yake mpira ulikuwa unaganda hewani. Baada yake mpira umeshuka, sasa kipa ndiye anatoka golini anakwenda kukaa na mashabiki!

Mzee Refa, aliyechezesha mechi za mtaani mpaka magoti yakamgomea, akatikisa kichwa.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye. Huyo kipa kadekezwa. Mpe kadi nyekundu.

— Nimpe mimi, babu? Hata kumrudisha golini siwezi!

— Sikilizeni, akasema Waya. Wanatuuzia gemu bichi makusudi, sisi ndio tuwaivishie. Ukitukana mbele ya runinga, inasikia, inawapelekea. Matusi ndiyo ripoti.

— Basi kwa jana wameshiba, akasema Rimoti bila kucheka.

— Mimi naona kipa kachoka, akasema Refa. Anadaka mipira ya nyumba zote za dunia kwa wakati mmoja. Nani asingekwenda kukaa?

— Kachoka wapi! akadakia Waya. Kipa mzima wamewapa wakubwa. Sisi tumeletewa wa akiba.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Refa. Kiraka juu ya kiraka, iko siku itakuwa nguo.

— Na mpaka hiyo siku mimi niko uchi! Jamani, watu wanakuja, niwaambie nini?

Hapo akafika shangazi yake Rimoti, katoka safari, begi begani.

— Mgeni njoo mwenyeji apone! akashangilia Refa.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjamana hivyo?

Wakamweleza, wote kwa mpigo. Akawasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

— Na kombe la mwaka jana mlichezea nini?

— Gemu la zamani. Lile halikukwama hata siku moja.

— Si mlirudishe, basi. Liko wapi?

Refa akanywa kikombe kitupu. Rimoti akalitazama birika. Siku lile jipya lilipofika, yeye mwenyewe, kwa furaha, alichukua diski ya zamani akaitandika chini ya birika lisiunguze benchi. Kipya kinyemi, alisema, na wote walimpigia makofi.

Akaliinua birika. Lilikuwa jepesi, kahawa imekwisha. Diski ikainuka nalo, imegandia kitakoni, akaibandua kwa ukucha. Akaanza kuifuta kwa shati, polepole, huku akiomba moyoni iwe bado inasoma.

Kinyozi wa mtaa, mmoja wa wachezaji wa fainali, akatokea kwenye kona, keshavaa jezi yake ya fainali.

— Rimoti! Mambo yako sawa?

Rimoti akaendelea kufuta.