Somo la Pembeni la Renita

Jumamosi asubuhi, benchi la nje ya duka la donati la Sokha, mjini Stockton, California, lilikuwa limeshapata wenyewe. Lavelle, mzee mweusi aliyegawa barua miaka thelathini na moja mpaka akabatizwa Posta, alikuwa amenuna. Pembeni yake Eusebio, Mmeksiko wanayemwita Trekta, alichovya donati kwenye kahawa, akasubiri. Posta hajui kukaa na neno kifuani.

— Binti yangu Renita kaongeza somo chuoni.

— Si anasomea uuguzi?

— Uuguzi ndio somo kuu. Hili la pembeni. Rangi na makabila.

— Humo wanasoma nini?

— Ndilo nililomuuliza! Mimi nina miaka sitini na nane ya kuwa mweusi, mfululizo, bila likizo. Nani kanipa cheti?

— Afadhali wewe, Trekta akasema. Mimi kwenye fomu ya kwanza ya serikali niliandikwa mweupe, ya pili Mhispania, ya tatu "mengineyo". Na shati lilikuwa lile lile.

Sokha, Mkambodia mwenye duka, akatoka na birika.

— Mimi kwenye fomu hizo wamenitia kisanduku kimoja na Wachina, Wahindi na Wafilipino. Hata pa kukaa hapatoshi.

— Njama za wachapaji hizo, Trekta akaamua. Kila kisanduku kinakula wino. Tungekuwa watu wa aina moja, viwanda vya wino vingefungwa.

— Na mtihani je? Posta akauliza. Nasimamishwa mbele ya darasa, binti anaandika "Mweusi", anapewa alama zote?

— Kwako ataandika "Mbishi", Sokha akasema, akimmiminia.

Wakacheka. Posta hakucheka. Kilichomuuma hakukisema: mtoto ana baba nyumbani, halafu anakwenda kulipa wageni wamweleze yeye ni nani.

Mara Renita mwenyewe akatokea, daftari mkononi.

— Hamjambo wazee? Baba, nisaidie kazi ya darasa. Swali moja tu. Bibi yako mzaa baba aliitwa nani?

— Mama Mkubwa.

— Hilo la kumwitia bibi nyumbani. Jina lake hasa.

Posta akafungua mdomo. Majina ya mbwa wote wa mitaa aliyopeleka barua anayakumbuka mpaka leo. Bibi huyo ndiye aliyemlea kule Louisiana. Jina halikuja. Akamgeukia Trekta.

— Usinitazame mimi, bwana. Sisi tulisema Bibi, basi.

Sokha akaliweka birika chini.

— Waliojua jina la bibi yangu walikufa vitani, kule Kambodia.

Posta akatoa simu, akampigia dada yake Odessa, aliyeko Shreveport, Louisiana. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya mama yao, miaka minne.

— Odie, ni mimi. Hivi Mama Mkubwa aliitwa nani?

Akasikia kiti kinavutwa upande wa pili.

— Umekawia kuuliza, Lavelle. Una kalamu?

Posta akamnyooshea binti yake mkono, akapokea kalamu na daftari, akaanza kuandika mwenyewe.