Cyril Kiprono Chesire na Simu Yake ya Kioo Cheusi

Mchungaji, wazee, majirani wa Gurei hapa Juba, wenzetu wa hotelini na wa shuleni, nanyi ndugu mliosafiri kutoka Kenya, familia inawasalimu na kuwaomba mtuvumilie tuwasomee maisha ya ndugu yetu kabla mwili haujapelekwa uwanja wa ndege, tukiyasoma kama mkewe Cate alivyotusimulia, pamoja na hofu yake yote, kwa kuwa alikataa katakata tuifiche.

Marehemu Cyril Kiprono Chesire alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Kapsowar, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Barnabas Chesire na Mama Tabitha, akasoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1983 hadi 1990, akamaliza kidato cha nne mwaka 1994, kisha akasomea kazi ya hoteli mjini Eldoret, ambako wenzake wanamkumbuka kwa sauti yake nzito na kwa mazoea ya kuwasaidia kumaliza sahani zao bila kuombwa.

Tarehe 3 Desemba 2005 alifunga ndoa na Cate mjini Iten, Mungu akawajalia Jelagat mwaka 2007 na Kibet mwaka 2010, na kati ya hao wawili, mwaka 2009, Cyril alikuja hapa Juba kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Buluk, Cate naye akamfuata mwaka 2012 akapata kazi ya kufundisha chekechea, watoto wakabaki na nyanya yao.

Mwaka 2013 macho yalianza kumsaliti, yakififia kwanza pembeni, madaktari wakasema ni presha ya macho iliyochelewa kujulikana, na kufikia Juni 2014 alikuwa haoni kabisa. Hoteli ikampa kazi ya kupokea simu, simu ya mezani yenye vitufe ambavyo vidole vyake vilivizoea upesi, lakini mwaka uliofuata vitufe vikaondolewa, zikaletwa simu za kugusa, na siku hiyo Cyril alirudi nyumbani akakataa chakula, jambo lililomtisha Cate kuliko habari yenyewe, akasema kile kioo ni laini kote kama sahani iliyooshwa, hakuna pa kushika.

Aliyemtoa katika hofu hiyo ni dada yetu Hamda, mwenyeji wa Garissa, mwenye duka la simu sokoni Gurei, ambaye alimkalisha kwenye benchi, akamwambia walahi kioo hakiumi, akamwashia ile sauti inayosoma kila kinachoguswa, na wote wawili wakajifunza kwamba kugusa mara moja ni kusomewa tu, na kugonga mara mbili upesi ndiko kufungua, ingawa kabla ya kuelewa vizuri Cyril alishampigia meneja mkuu akiwa katikati ya chakula cha Jumapili. Alipozoea alizima mwanga wa kioo, kwa kuwa yeye haukumfaa na ulikuwa unakula chaji, simu ikawa nyeusi tii huku ikifanya kazi, na mwendo wa ile sauti ya Kiingereza akauongeza mpaka Cate akawa anasikia kitu kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria.

Jumapili tarehe 10 Julai 2016, vita vilipozuka mjini na bunduki zikalia pande za kwetu, Cyril, Cate na Hamda walijifungia katika stoo ya mabati nyuma ya duka, na giza lilipoingia kina mama walizima simu zao, maana mwanga ungepenya matundu ya misumari, ikabaki ile nyeusi ya Cyril, isiyotoa mwanga lakini inayosema kila ikiguswa, na visikizi vyake vilikuwa vimebaki nyumbani. Nyayo zilisimama nje ya ukuta, na wakati huohuo simu ikatetemeka mkononi mwake, ujumbe umeingia, Cate akawa na hakika kwamba watakufa kwa sababu ya sauti hiyo, akauma kanga yake asipige kelele, wakati mumewe alipojifunika mtandio wa Hamda, akapunguza sauti mpaka karibu na kimya, akabandika kioo sikioni na kusikiliza. Ujumbe ulitoka kwa mwenzake wa kazini, ukisema wasitoke, gari lingewafuata asubuhi, na wakapona, lakini Cate hakuwahi kuzisahau nyayo zile, na tangu siku hiyo simu ikianza kusema yeye hutoka chumbani.

Cyril alimsihi sana ajifunze kuitumia, akimwambia siku nikianguka ni wewe utakayeihitaji, Cate akijibu kesho, na marehemu akicheka kwamba kesho ya Mama Jelagat haina tarehe.

Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Cyril alianguka jikoni kwa kiharusi, upande wa kulia umekufa na mdomo umepinda, simu ya Cate ikiwa dukani kwa Hamda inachajiwa, jirani hayupo, na Cate aliogopa kumwacha peke yake hata kwa dakika moja, akaichukua ile nyeusi, akagusa, sauti ikafyatuka asielewe neno, akagusa tena, hakuna kilichofunguka, macho yake mazima yasione chochote. Ndipo mkono wa kushoto wa mumewe ulipokitafuta kidole chake, ukakiburuta juu ya kioo mpaka Cyril akasikia jina alilolitaka, akakiinua kidole cha mkewe na kugonga nacho mara mbili, na Hamda akapokea, akaja na raksha, bajaji ya huku Juba.

Hospitalini alilazwa siku nane, kiharusi cha pili kikamchukua Jumapili tarehe 21 Septemba, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Muuguzi Awut alitueleza kwamba alasiri nyingi marehemu alihangaika na simu chini ya shuka kwa ule mkono mmoja, wauguzi wakadhani anajiliwaza tu. Siku ya pili ya matanga ilibidi watu wajulishwe, na namba zote zilikuwa katika simu ile, Cate akaketi mbele ya simu kama yuko stoo tena, akaweka kidole, akisubiri zile bisi, na sauti ikatoka polepole, kwa Kiswahili, neno baada ya neno, ikasubiri. Cyril alikuwa ameipunguza mwendo kwa ajili yake. Ninyi nyote mliopigiwa simu wiki hii, aliyewapigia ni Cate, kwa simu hiyo, na anakiri kwamba bado inamtia hofu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hoteli na wafanyakazi wenzake, walimu wa chekechea, majirani wa Gurei, na Hamda, ambaye kwetu ni ndugu wa damu.

Baba Jelagat, umechoka, pumzika sasa kwa amani ya Mungu, Cate amesikia kila neno.