Vidole Kumi vya Adelfina

Baba Padre, wazee wetu shikamooni, viongozi wa kijiji, majirani wa Ntobeye na ninyi mliotoka Biharamulo na kambini, karatasi hii inasomwa na Theonest, mdogo wa marehemu na katibu wa kamati ya ulinzi ya kijiji, na kabla hajaanza anaomba mjue kwamba imechapwa kwa mashine, na aliyeichapa mtamjua kabla hatujamaliza.

Marehemu Adelfina Faustini alizaliwa tarehe 12 Mei 1948 hapa Ntobeye, mtoto wa pili wa mzee Faustini na mama Agripina, hivyo ndivyo kinavyosema cheti cha ubatizo, ingawa shangazi wa ukoo wanashikilia kwamba ulikuwa msimu wa maharage wa mwaka uliotangulia, na msomaji, ambaye kwa tabia haamini mtu asiye na karatasi, amefuata cheti.

Alianza shule ya misheni Januari 1957, akamaliza darasa la nne Desemba 1960 akiwa wa pili darasani, kisha akarudishwa nyumbani kulima ili mdogo wake, ndiye msomaji, aje asomeshwe, jambo ambalo marehemu hakuwahi kulitaja hata siku moja, na kwa kuwa hakulitaja, msomaji alimshuku miaka yote kwamba amelifungia moyoni.

Tarehe 10 Agosti 1968 alifunga ndoa na Ansbert, mwashi wa Biharamulo, wakajaliwa watoto wanne, mkubwa akiwa Tecla, na huko Biharamulo alifundisha kisomo cha watu wazima jioni, huku akijifunza hesabu kwa walimu wenzake, kwani alikuwa mtu wa kushika chaki kwa mkono mmoja na daftari kwa mwingine. Ansbert alifariki Juni 1986, na mwaka uliofuata marehemu alirudi Ntobeye na wanawe, akapewa na mzee Faustini migomba ya upande wa chini, na msomaji akaanza kuhesabu mikungu.

Kazi yake ilikuwa kilimo, lakini majukumu yake hayakuishia shambani, maana kuanzia 1990 aliongoza akina mama wa kigango, kuanzia 1992 akawa mwenyekiti wa kamati ya shule, na Oktoba 1994, wakati wakimbizi wameshajaa vilimani na kuni zimekuwa za kutafutwa, alichaguliwa mwenyekiti wa kitongoji, ikawa asubuhi anapatanisha waliogombea mbuzi na miti iliyokatwa, mchana yuko shuleni, na Jumapili yuko kigangoni. Watu walisema mshika mawili moja humponyoka, wakangoja limponyoke, na aliyengoja kwa hamu kuliko wote alikuwa ndugu yake wa damu.

Likaja basi jambo la Jumatano na Ijumaa. Siku hizo marehemu alijitwika kikapu cha ndizi, akashika njia ya kambini, akarudi jioni kikapu kitupu na vidole vyeusi, naye msomaji alikuwa amesikia, kama mlivyosikia wote, kwamba siku ya hesabu, mwezi Februari 1995, kila mkimbizi alichovywa kidole kwenye wino asihesabiwe mara mbili, na kwamba wapo wenyeji waliojipenyeza kwenye mstari wakapata kadi za chakula. Lisemwalo lipo, alijiambia, akamfuata mara mbili hadi kwenye kizuizi, akaandika kwenye daftari lake, na tarehe 11 Machi 1995, mbele ya mkutano wa kijiji, alimtaka dada yake anyooshe mikono.

Aliinyoosha. Alipoulizwa wino ule ni wa nini alijibu tu, "Wino ni wino, wazee wangu, amueni ninyi," wakaamua, akavuliwa uenyekiti wa kitongoji siku ileile, na walipokuwa wakirudi alimuuliza msomaji hali ya watoto, swali ambalo nalo liliingia kwenye daftari. Mwaka uleule watoto wa darasa la saba walianza kupata mitihani ya majaribio iliyochapwa, badala ya kunakili maswali ubaoni, na msomaji akaandika kwamba huenda imeibwa mahali, ingawa mwanawe mwenyewe aliifanya, na akafaulu.

Septemba 1997 marehemu aligunduliwa uvimbe tumboni, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena Julai mwaka huu, na akafariki Jumanne, tarehe 18 Agosti 1998, saa kumi alasiri.

Jioni hiyo aliingia msibani mama Niyonkuru, mkimbizi kutoka Burundi, ambaye yupo hapa mbele yenu, akaeleza kwamba alikuwa karani katika ofisi moja kambini, ofisi iliyofungwa mwishoni mwa mwaka jana, na kwamba kila Jumatano na Ijumaa, baada ya kazi, alimfundisha marehemu kupiga chapa na kuzungusha mashine ya stensili, ile inayopaka wino mikono yote, na kwa kuwa kama ingejulikana angefukuzwa kazi, marehemu aliapa kutolitamka jina lake. Ile mitihani ya shule ilitoka kwenye mashine hiyo. Na wino wa hesabu, ndugu zangu, ulikuwa wa kidole kimoja, ilhali marehemu alinyoosha mbele yetu vidole kumi vyeusi, na katibu wa ulinzi, mwenye macho makali kuliko wote, hakuvihesabu.

Karatasi hii aliichapa marehemu mwenyewe Desemba iliyopita, akaacha wazi nafasi ya tarehe ya kifo, akampa Tecla aitunze. Kuhusu 1995 aliandika mstari mmoja tu, kwamba alipumzika uongozi wa kitongoji. Hayo mengine yote, na aibu yote mliyoisikia, yameongezwa kwa kalamu na msomaji.

Shukrani ni kama alivyozipanga yeye: madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani waliombeba kwa machela, akina mama wa kigango, walimu wenzake, mama Niyonkuru, na mwisho, hapa pamechapwa, "mdogo wangu Theonest, ambaye hakuchoka kuniangalia." Msomaji ameitafuta sumu ndani ya maneno hayo kwa siku mbili, usiku na mchana, na hakuiona.

Dada Adelfina, mikono yako ilikuwa safi. Nisamehe, na upumzike kwa amani.