Jeraha la Anyisile, Fundi wa Drams za Ikolo

Leo Alhamisi, tarehe 17 Aprili 2025, tunamzika Anyisile Amon Mwakalobo, na wasifu wake umeandikwa kwa hasira. Wazee walimwomba dada yake Atupele, anayeusoma, aulainishe. Amekataa.

Marehemu alizaliwa Ngana tarehe 9 Agosti 1984, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Amon na Bibi Tusajigwe, wakulima wa mpunga na kakao. Alimaliza darasa la saba mwaka 2000, akajifunza ufundi wa vyuma Kyela mjini. Mwaka 2005 alihamia Ikolo na kufungua karakana barazani kwake. Alikuwa na jiriwa, msumeno wa chuma, tupa na drili ya mkono, basi.

Kwa vifaa hivyo alizitunza drams za kwaya miaka kumi na tano. Mkanda wa kanyagio ulipokatika, alifunga mnyororo wa baiskeli. Stendi za matoazi alizirefusha kwa bomba la maji. Ngoma kubwa nayo ilikuwa na tabia ya kusogea kila ikipigwa, hadi inamfikia mchungaji. Anyisile akakata ndala za mama yake, akaivalisha miguuni.

"Sasa mwanangu, mimi niende ibadani pekupeku?" mama aliuliza.

"Ndaga, asante mama. Umeshatoa sadaka."

Mwaka 2010 alifunga ndoa na Doreen, wakajaliwa watoto wawili.

Tarehe 2 Aprili alikuwa anakata bomba lenye kutu, atengeneze stendi mpya ya Pasaka. Msumeno uliteleza, bomba likamchana kiganja. Alikimwagia mafuta ya breki, kama mafundi wanavyojidanganya, akafunga kitambaa. Doreen alimsihi aende zahanati akachomwe sindano ya pepopunda. Ndugu Kenani, kiongozi wa kwaya, alikuwepo.

"Hicho kidonda cha fundi, kitapona chenyewe," alisema. "Wageni wa Malawi wanakuja, tusiaibike."

Zahanati ni mwendo wa dakika ishirini. Atupele naye alikuwepo, amemshikia bomba. Hakusema neno, maana alitaka stendi iishe. Hasira hii inaanza na yeye mwenyewe.

Tarehe 11 taya zilikaza. Alifia hospitali Jumanne tarehe 15, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini. Jana msibani watu walinong'ona kwamba amerogwa. Hakurogwa, alicheleweshwa na watu waliomo hapa.

Ameacha mama, mjane Doreen, watoto Neema na Moses, dada yake Atupele, na fundi mwenzake Yakobo, ambaye sasa hivi ameshika koleo kaburini huku kidole kimefungwa kitambaa. Alijikata juzi akiimalizia stendi ile ile. Yakobo, weka koleo chini. Pikipiki iko barabarani, na ndugu Kenani ndiye atakayekupeleka zahanati. Hatufukii mpaka muondoke.

Mungu ampe Anyisile pumziko ambalo sisi tulimnyima.