Ndolo Muthoka Hakuugua kwa Muda Mfupi

Na hiyo "aliugua kwa muda mfupi" imetolewa, na hairudi. Kamati ya mazishi iliiweka kwa programu, Nduku akaifuta. Wakairudisha. Akapeleka karatasi saiba Matuu yeye mwenyewe, ikachapishwa hivi mnaishika. Nduku ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu na ndiye anawasomea. Miaka nne si muda mfupi. Mwenye anataka kubishana angoje tumalize kuzika.

Marehemu Ndolo Muthoka alizaliwa tarehe 3 Agosti 1981 hapa Ekalakala, wa pili kwa wavulana watatu wa marehemu Mzee Muthoka na marehemu Mama Mutindi. Mkubwa wake ni Mzee Kaloki, mwenye ameketi hapo mbele. Mdogo alikuwa Kimanzi, mwenye amelala hapo nyuma ya ua, na kaburi yake imeshaota nyasi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa na akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1996. Baba yao alikuwa ameshakufa 1993, kwa hivyo Kaloki ndiye alimlea. Hiyo pia lazima isemwe. Kaloki aliuza mbuzi zake ndio Ndolo aingie sekondari, na yeye mwenyewe alikuwa anatembea na viatu vya tairi. Ndolo aliachia kidato cha tatu, 1999, wakati kiangazi kilimaliza mbuzi zilizobaki. Maisha yake yote alikuwa anasema, "Kaloki ni ndugu yangu kwa kuzaliwa. Kwa kazi alifanya, ni baba." Shikeni hayo maneno.

Mwaka wa 2001 alienda Athi River, EPZ, akawa mkataji wa vitambaa vya suruali. Hapo ndipo aliona Wavinya, mwenye alikuwa kwa laini ya kushona zipu. Kupiga stori kazini haikukubaliwa. Ndolo akachukua chaki ya kukatia, akaandika kwa kipande cha jinzi, kikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Wavinya: "Saa ya chakula unakula na nani?" Kipande kikarudi: "Na wewe, lakini unyoe ndevu." Alinyoa. Walianza kukaa pamoja 2003, wakafunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 2009. Hicho kipande Wavinya bado amekiweka ndani ya Biblia. Na hizo ndevu Ndolo hakuziachilia tena mpaka 2021.

Alirudi nyumbani 2007 akaanza kuchimba visima. Kutoka hapa mpaka Matuu, wengi wenu mnakunywa maji ya mkono wake. Baadaye Kimanzi akaungana naye. Ndolo alikuwa na sheria moja: kabla mtu ashuke kwa shimo, koroboi inashuka kwanza na kamba, ikiwa imewaka. Ikizima huko chini, hewa ni mbaya, watu wanaketi. Hakuwa anajali ni kisima ya nani. Kuna pasta mmoja alimwambia, "Ndolo, kwani wewe huna imani?" Akamjibu, "Niko nayo, pasta. Shuka wewe kwanza."

Tarehe 18 Septemba 2021 kisima ilikuwa ya Kaloki, futi arobaini na tatu. Siku tatu hakuna mtu alikuwa ameshuka. Ndolo akatoa koroboi kwa mfuko. Kaloki akasema, "Wachana na hiyo taa, bwana. Watu wa pampu wanafika saa nne. Hapa ni kwetu, si kwa watu." Nduku alikuwa amesimama hapo na chupa ya uji, na alisikia na masikio yake. Ndolo akairudisha koroboi kwa mfuko. Kimanzi akashuka akiimba. Wimbo ukakatika katikati, kama redio imeisha betri. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Ugonjwa wa Ndolo ulianza hiyo asubuhi. Aliacha kuchimba. Aliacha kuongea, hata "pitisha chumvi" alikuwa anaonyesha na kidole. Alikuwa anaenda kuketi kando ya hiyo kisima, anaangalia ndani, mpaka Wavinya aende kumshika mkono. Pombe ikaingia. Presha ikapanda. Februari 2023 akaanguka sokoni Matuu, akapelekwa kiliniki moja hapo karibu. Nesi, Sista Warigia, akampatia dawa, halafu akamwambia, "Hii tembe itashika presha ya damu. Kwa hicho kitu kingine, kuja Alhamisi saa nane mchana."

Hiyo Alhamisi mlikuwa mnaiita kikundi cha wendawazimu. Mlikuwa mnasema ni watu wa kulia. Basi leo mtajua ni nini. Ni watu kumi na viti kumi, vimezungushwa ndio mtu asijifiche nyuma ya mwingine. Hakuna mwenyekiti. Hakuna kuhubiriwa, na hakuna kupewa ushauri kama hujauliza. Kila mtu anaongea kwa zamu, na mwenye hataki anasema tu "nipite". Kile kimesemwa kinabaki hapo.

Ndolo aliingia mara ya kwanza tarehe 9 Machi 2023 akasema "nipite". Ya pili, "nipite". Ya tatu alikuwa amepata kibarua cha mawe, na kichwani mwake hii ilikuwa ni kama chama, kwamba ukikosa unatuma mtu. Akatuma Nduku. Nduku akafika, akasalimia, akaketi, akasema amekuja badala ya Ndolo Muthoka. Sista Warigia alicheka mpaka akashika ukuta. "Msichana wangu, hapa hatupokei mwakilishi. Mwambie kiti kinamngoja yeye." Nyumbani Ndolo akauliza, "Hata hawakuandika jina?" Hiyo ndiyo siku ya kwanza watu wa hiyo nyumba walicheka tangu Kimanzi azikwe.

Alhamisi ya saba hakusema "nipite". Alirudi nyumbani, akala ugali yote, akanawa mikono, akasema, "Ile siku sikuteremsha taa."

Wavinya akamwambia, "Tunajua, Baba Nduku. Tulikuwa tunangoja useme."

Walilia wote, hata Mutindi, mtoto wa mwisho, mwenye hakuwa anaelewa. Baadaye Nduku alimuuliza huko wanampatia nini. Akasema, "Hakuna kitu wananipatia. Nilidhani ni mimi pekee duniani niliua mtu wangu bila kutaka. Kumbe kwa hiyo chumba tulikuwa watatu." Hao wawili hakuwahi kuwataja. Asubuhi yake alinyoa ndevu.

Hakupona yote, msidanganywe. Kuchimba hakurudia. Lakini alikuwa analala, pombe aliacha, alikuwa anaongea na watoto wake, na kila wiki wenzake walikuwa wanamuuliza, "Ndolo, umemeza dawa?" Alikuwa anameza.

Halafu tarehe 14 Novemba 2024 Kaloki akaambiwa sokoni kwamba ndugu yake anatoa mambo ya nyumbani kwa watu. Akaingia huko bila kubisha. "Nani anatajataja jina yangu hapa?" Sista Warigia akamwambia, "Mzee, kuna kiti hapo. Keti, ama ufunge mlango ukiwa nje." Ndolo alimwambia Nduku, "Alikiangalia hicho kiti sana. Nilidhani ataketi." Kaloki akatoka. Jumapili akaita watu wa ukoo, na nyinyi mkakuja, mkakunywa chai ya Wavinya, mkakata shauri kwamba Ndolo haendi tena.

Nduku akamwambia, "Baba, enda tu! Watakufanya nini?"

Akasema, "Ni Kaloki. Aliuza mbuzi zake juu yangu."

Hakuenda tena. Na sasa sikieni, kwa sababu hii ndiyo ile kamati ilikuwa inaogopa. Ndolo mwenyewe aliambia Nduku kwamba huko kwa kikundi hakuwahi kumtaja Kaloki. Hata mara moja. Alikuwa anasema, "Ni mimi, ni mimi, ni mimi." Kaloki alifunga mdomo ule ule ulikuwa unamficha.

Miezi karibu kumi na moja hakuna mtu wa kuuliza "umemeza?" isipokuwa Wavinya, na Wavinya alikuwa anadanganywa. Tembe zilipatikana kwa ule mfuko wa koroboi, pakiti nne, hazijafunguliwa. Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa moja asubuhi, Ndolo aliinama kufunga viatu hapo mlangoni, kiharusi kikamwangusha. Wavinya alimshika kichwa. Alikuwa na miaka arobaini na nne.

Baadaye MC ataita vikundi visimame vijitambulishe. Hicho cha Alhamisi hakitasimama. Wako hapa kati yenu, wengine ndio walibeba sufuria jana. Msiwaulize Ndolo alisema nini. Kuna mwenye amewauliza wiki nzima, na hawajasema.

Ameacha mke wake Wavinya, watoto wake Nduku, Muthoka na Mutindi, na ndugu mmoja, Kaloki. Udongo umkalie vizuri, mtu mwenye alikuwa anaujua vizuri kuliko sisi.

Mzee Kaloki. Baba mkubwa. Hakuna mtu hapa anataka kukufunga. Lakini tumekuona hii wiki, unaenda kuketi kando ya hiyo kisima, unaangalia ndani, na hakuna mtu wa kukushika mkono. Kiti ni kile kile. Alhamisi, saa nane. Nenda.

Na usitume mtu.