Mama Breki na Kifungu cha Hakimu

Ndugu, jamaa na marafiki, wageni wetu mliotoka mbali na majirani mliotoka mlango wa pili, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, nisimame hapa niwasomee maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza naomba mniwie radhi kwa jambo moja, wengi wenu mnaijua sauti hii kwa sababu kazi yangu ni kutangaza mpira redioni, na katika kazi hiyo sijawahi kujifunza kusema jambo kubwa kwa sauti ndogo, kwa hiyo nikipanda juu msidhani nimesahau niko wapi, ni raha ya kumjua mtu huyu inanizidi nguvu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa posta, chumba na sebule, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba aliyekuwa mhudumu wa swichibodi ya simu na mama aliyekuwa fundi cherehani, na mama alizoea kusimulia kwamba uchungu ulimshika Jumanne na mtoto akaja Alhamisi, kwa sababu hata kuzaliwa alitaka kwanza masharti yaeleweke. Nyumba ile ilikuwa na watoto wengi na vitanda vichache, ugomvi haukuisha, na dada alikuwa na dawa yake moja, aliwakalisha wagomvi wawili sakafuni na kusema, "Eleza kwanza mwenzako analalamikia nini, ukimaliza ndipo utaeleza lako," na mara nyingi tulipofika nusu ya kueleza la mwenzetu tulikuwa tumeshaanza kucheka.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni mwaka 1971 hadi 1976, ambako aliongoza chama cha mdahalo na aliwahi kufanyishwa usafi wa bwalo wiki nzima kwa kosa la kumshinda mwalimu mkuu katika hoja ya kwamba mabweni yafunguliwe madirisha, adhabu aliyoitumikia huku madirisha yakiwa wazi, kisha akasoma sheria chuo kikuu na kuhitimu Novemba 1980.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa wizara ya mambo ya nje, dawati la mikataba, katika ofisi iliyokuwa chini ya ngazi, ambako kila mtu mzito akipanda, vumbi lilimdondokea dada kwenye karatasi, na ni hapo lilipozaliwa lile jina ambalo wengi mnalijua kuliko jina lake la shule. Ilikuwa mwaka 1988, naibu waziri mmoja alikuwa anakimbilia uwanja wa ndege kusaini mkataba wa uvuvi ambao dada hakuwa ameridhika nao, dada akatoka mbio na viatu mkononi, akasimama mbele ya mlango wa gari, naibu waziri akafoka, "Wewe mama ni breki!" naye akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa, na mteremko ni mkali." Mkataba ukarudi mezani, ukasainiwa baada ya miezi miwili ukiwa na sura nyingine kabisa, na tangu siku hiyo wizara nzima, kuanzia mlinzi wa geti hadi waziri mwenyewe, ilimwita Mama Breki, kwa woga au kwa upendo, kutegemea nani alikuwa na haraka.

Kwa upande wa ndoa, alifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1984 na shemeji yetu, daktari wa meno, ambaye alikutana naye alipokwenda kung'olewa jino, na sisi wadogo zake tumeshikilia miaka yote kwamba shemeji alimchumbia pale pale kitini, mdomo wa dada ukiwa umejaa pamba, kwa kuwa aliona hiyo ndiyo nafasi pekee atakayopata ya kusema bila kupingwa. Shemeji anakanusha, lakini mnamwona, anatabasamu. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1986, ambaye ni mhandisi wa maji, na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na amewaacha wajukuu watatu, ambao wote wanabishana kama yeye.

Sasa ndugu zangu, nafika Mei 2009, na hapa ndipo naomba mnishike. Wenye umri wangu mnakumbuka kwamba soko la mpakani lilikuwa limelipuliwa miaka mitatu kabla, likafungwa, wachuuzi wakatawanyika, vijana wakakaa vijiweni bila kazi, na waliowalipua wenzetu wakawa wanawapitia vijana hao hao mmoja mmoja kuwavuta kwao. Nchi rafiki, kubwa na yenye uwezo, ilikuja na mapendekezo mawili, la kwanza ushirikiano wa kupambana na ugaidi, la pili msaada wa uchumi, yaani kulijenga upya soko, kuleta maji na barabara. Msaada ungekuja hapo baadaye, usalama ukishatengemaa, lakini maofisa wao wangeruhusiwa tangu siku ya kwanza kumchukua mshukiwa yeyote katika ardhi yetu na kuondoka naye bila kumpitisha mbele ya hakimu, jambo ambalo kule mpakani walikwisha kuanza kulifanya kimyakimya bila mkataba wowote. Dada aliteuliwa kuongoza ujumbe wetu, na upande wa pili wa meza alikaa mzee mmoja mwanajeshi mstaafu, mrefu, asiyecheka, ambaye watu wetu walimwita Jenerali.

Walianza Jumatatu tarehe 18, katika ukumbi wa hoteli ambao kiyoyozi chake kilivuja maji ndani ya ndoo nyuma ya bendera, dada akisema msaada na usalama vianze siku moja na kila mshukiwa afike kwa hakimu wetu, Jenerali akisema usalama kwanza, mengine tutaona, wakavutana hivyo Jumatatu, wakavutana Jumanne, na Jumatano kabla ya chakula cha mchana ukaingia ujumbe kwamba bomu limelipuka kituo cha mabasi kule mpakani na watu wamekufa. Katibu wa ujumbe wetu aliniambia kwamba Jenerali alisema kwa upole kabisa, "Mama, watu wako wanakufa. Saini leo." Simu ya dada ikalia, alikuwa waziri, naye alikuwa na neno hilo hilo, saini, na dada akamjibu huku wote wakisikia, "Mheshimiwa, nikisaini leo, atakayekuwa amesaini si mimi, ni lile bomu." Akakata simu, akamgeukia Jenerali, akamwambia, "Kesho twende wote tukazike, wewe na mimi, tukirudi nitakupa jibu."

Wakaenda. Asubuhi ya Alhamisi walipanda ndege ya jeshi, wakazika pamoja na wafiwa, na baada ya mazishi dada akampeleka Jenerali ndani ya lile soko lililofungwa, vibanda vimeshika kutu, majani yameota katikati ya njia, wakaketi kwenye mabenchi na wachuuzi wa zamani. Jenerali akauliza, kupitia mkalimani, swali ambalo nadhani alikuwa analibeba miaka mingi, "Mnawaona watu hawa wanapita. Kwa nini hamtuambii?" Mama mmoja aliyekuwa akiuza mitumba akanyanyuka, akasema, "Mume wangu aliwaambia. Ni fundi baiskeli, aliwaona, akapiga ile namba mliyobandika ukutani, na mlipokuja mkamchukua yeye. Huu ni mwaka wa pili sijui kama yuko hai. Sasa wewe baba, ungekuwa mimi, simu ungepiga?" Mkalimani akasita, maana maneno yalikuwa makali na mgeni alikuwa mzito, na dada akamwambia, "Tafsiri yote, mwanangu, usipunguze hata neno."

Jenerali alisikiliza, akavua kofia, akamwomba yule mama arudie jina la mumewe taratibu, na katika ndege ya kurudi, mji ulipoonekana dirishani, akasema, "Umenileta huku makusudi." Dada akasema, "Makusudi kabisa." Jenerali akasema, "Ungeweza kuniambia kule ukumbini." Dada akasema, "Nimekwambia tangu Jumatatu, lakini ulikuwa unatazama saa." Na mzee yule asiyecheka, ndugu zangu, akacheka.

Ijumaa wakaandika upya, kila mshukiwa afikishwe mbele ya hakimu akiwa na wakili, waliokwisha kuchukuliwa waletwe mahakamani au waachiwe, soko na maji vianze siku ile ile ushirikiano unapoanza, na hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza, kwa sababu wakubwa wa Jenerali walikataa kata kata, naye akawaambia kwa simu kwamba watafute jenerali mwingine, na waziri wetu akamwita dada ofisini kumtishia kumfukuza kazi, naye akaweka funguo za gari la wizara juu ya meza, akasema atarudi nyumbani kwa miguu ikibidi, lakini kifungu cha hakimu hakifuti.

Jumamosi tarehe 23 mimi nilikuwa uwanjani, kibanda cha watangazaji, dakika za mwisho, ubao unasoma sare, refa ametoa penalti, uwanja mzima umesimama, mpigaji anarudi nyuma, na katika vipokea sauti vya masikioni nikamsikia mhariri wangu wa habari akipiga kelele, "Wamekubali! Dada yako! Wamekubali!" Nikasimama juu ya kiti, nikapiga ukelele hewani, nchi nzima inasikiliza, "Wamekubali! Wamekubali! Wamekubali!" na wasikilizaji wakadhani waamuzi wamekubali kuifuta penalti, simu zikamiminika studio, watu wakakaribia kupigana mitaani, na wapo wanaoniuliza mpaka leo iliishaje, basi nawajibu leo mbele ya mashahidi, iliingia.

Mkataba ulisainiwa tarehe 25 Mei 2009, kwa miaka kumi na mitano. Agosti ile yule fundi baiskeli alifikishwa mbele ya hakimu, upande wa mashtaka haukuwa na la kusema, akaachiwa, na mkewe alimpokea nje ya mahakama kwa kumpiga makofi ya mgongo, akilia na kumgombeza kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata muuza mkaa mmoja alipiga ile namba ya ukutani, nyumba iliyojaa mabomu ikakutwa kabla hata moja halijatoka mlangoni, na muuza mkaa akalala kwake usiku huo, na soko likafunguliwa Februari 2011 kwa kelele ambazo hata mimi sikufua dafu mbele yake. Sitaki niwadanganye kwamba yote yalikwenda sawa, barabara iliyoahidiwa iliishia njiani, na watu wawili kati ya waliochukuliwa kabla ya mkataba hawajapatikana mpaka leo, jambo lililomuuma dada mpaka mwisho, na kila mwaka aliiuliza nchi rafiki habari zao, kwa majina, hata baada ya kustaafu tarehe 30 Juni 2017.

Novemba 2022 dada aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na wauguzi ni mashahidi kwamba alijadiliana nao kila kitu, kuanzia sindano hadi chumvi, akishindwa chumvi na kushinda sindano. Aprili mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 9 Mei 2024 aliaga dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa shemeji, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, mlimhudumia bila kumchoka ingawa alikuwa mgonjwa wa kuchosha, nawashukuru majirani, mlitupikia na kutuchotea maji, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa wizara, na kwa namna ya pekee namshukuru mzee mmoja mrefu aliyekaa mstari wa pili, ambaye amesafiri kwa gharama yake, akiwa na fimbo na miaka themanini na kitu, Jenerali, tumekuona, karibu nyumbani.

Limebaki neno moja, ambalo si langu, ni lake. Mkataba ule unafikia mwisho wake mwezi huu, na ujumbe wa nchi mbili uko hapa mjini kuufanya upya, na tumesikia kwamba wapo, kwa upande wao na kwa upande wetu pia, wanaosema kifungu cha hakimu kimepitwa na wakati na kinachelewesha kazi. Mkuu wa ujumbe wetu wa sasa, mwanamama aliyelelewa kikazi na dada, alikwenda hospitali kumwambia kwamba mazungumzo yataahirishwa mpaka apone, na dada akamjibu, "Mimi siponi, mwanangu, na nyinyi msiahirishe. Nizikeni asubuhi, mchana muwe mezani. Na huko msibani mkae mmechanganyika, sitaki upande na upande." Ndiyo maana tunazika asubuhi, ndiyo maana ndugu zetu wa nchi rafiki hamkutengewa viti vyenu, mmekaa bega kwa bega na wenzenu, na kati yenu wameketi fundi baiskeli na mkewe, waliosafiri tangu jana kuja kumzika. Salimianeni, ulizaneni habari za safari. Tukishamaliza kufukia, magari yapo nje, ukumbi wa mazungumzo umefunguliwa, na familia haina ombi jingine kwenu.

Dada yangu, Mama Breki, kazi ina watu, pumzika kwa amani.